Masikio Yangu na Ile Kuranti ya Kasongo

Watu walioniambia "utazoea" ni wengi mno. Mkubwa wa kituo chetu cha afya aliniambia. Mchungaji aliniambia, jirani yetu wa msikitini aliniambia, mwanamke anayeuza mafuta ya mawese sokoni aliniambia bila hata kusimamisha kazi ya kujaza chupa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mlio masikioni. Kuzoea ni kazi nyepesi sana kwa mtu ambaye hajapewa aifanye yeye.

Kama na wewe unasikia kitu ambacho hakuna mwingine anayekisikia, na umechoka kueleza, haya nimeandika kwa ajili yako. Sitakufundisha udaktari. Mimi ni mkunga wa Wamaza, upande wa Kabambare. Watu wananiita Mama Feza, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nitakueleza nilivyokaa kwenye mabenchi, nilivyonyolewa nywele, nilivyogombana na watu wa nyumbani mwangu, na kile ambacho kuranti, ule umeme wa Kasongo, ilinifanyia. Na kile ambacho haikunifanyia, maana hicho nacho kipo.

Ilianza na malaria, mwishoni mwa mvua. Malaria ya kweli, ile ya kukuangusha chini. Dawa mpya ya sindano ilikuwa imeisha kituoni, kwa hiyo wenzangu wakanitundikia seromu, yaani dripu, ya kinini. Siku ya pili masikio yakaanza kulia. Sikushtuka. Nimewatundikia watu kinini miaka mingi, na wote nimewaambia neno moja: masikio italia, ni dawa, itaisha. Kwa karibu wote iliisha. Homa yangu ikashuka, nikaanza kula, nikarudi kazini. Mlio ukabaki.

Ulikuwa mwembamba na mrefu, bila pumzi. Masikio yote mawili, la kushoto zaidi. Kelele nyingine zote duniani zina mwanzo na mwisho: jogoo anawika na kunyamaza, pikipiki inapita na kwenda. Huu haukuwa na mahali pa kukatia. Nikiwa sokoni ulijificha kidogo nyuma ya makelele ya watu. Nikiingia mahali patulivu, ulinijaa kichwa kizima kama maji yanavyojaa ndoo.

Mume wangu, Salumu, ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu wa kupima mambo. Alileta sikio lake akaliweka juu ya sikio langu, akasikiliza kwa makini kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Miye sisikie kitu," akasema.

"Nani amekuambia utasikia?"

"Nilitaka kujua tu."

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na kwa miezi mingi sikuacha.

Kila mtu alikuwa na dawa. Nilitiwa mafuta ya kitunguu saumu ya uvuguvugu. Nilifukizwa majani mpaka macho yakavimba. Mwenzangu wa kituoni aliniosha masikio mara tatu, ingawa mara ya kwanza tu aliona ni safi, akaniambia, "Tuoshe tena, labda iko nyuma." Nyuma ya nini? Mama mkwe alikuja kutoka Kabambare, akaniangalia siku mbili bila kusema, halafu akasema kuna mtu wa ukoo ananiita na mimi sijibu. Nikamuuliza ni nani. Akasema nitajua nikijibu. Nikamwambia, "Mama, nimejibu. Nimemuambia anyamaze." Hakucheka. Salumu naye hakucheka.

Mwili ukabadilika bila kuniomba ruhusa. Niliuma meno mchana kutwa nisijue, mpaka jino la nyuma likapasuka nikitafuna karanga. Nilikonda. Kikwembe nilichokuwa nakifunga mara moja sasa kilinizunguka mara mbili. Nikaanza kusimama na kichwa kimeinama upande, kama kuku anayetafuta sauti ya mwewe. Sikujua nafanya hivyo mpaka nilipowaona wanawake wa kliniki wakiniigiza.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Jambo ambalo sikuweza kulivumilia ni la kazi.

Kituoni kwetu hatuna mashine ya kusikiliza mtoto tumboni. Tuna ile pembe ndogo ya mbao: upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, upande mwingine unaweka sikio lako, unashika pumzi, unatafuta moyo wa mtoto. Ni sauti ndogo sana, ya haraka, iko mbali. Miaka yote nilikuwa naipata kabla mama hajamaliza kujilaza vizuri. Baada ya kinini nikaanza kuitafuta. Nilikuwa nahamisha pembe kushoto, kulia, chini ya kitovu, na mlio wangu ulikuwa mbele ya kila kitu. Wakati mwingine nilihesabu mapigo, halafu nikagundua nahesabu ya kwangu.

Mvua zilipoanza tena akaja mwanamke anaitwa Anzelani, mimba yake ya kwanza, uchungu umeanza alfajiri. Mwenzangu Furaha alikuwa ameenda kwenye chanjo vijijini. Nikamsikiliza Anzelani. Kimya. Nikahamisha pembe. Kimya. Nikaziba sikio la kushoto kwa kidole, nikatumia la kulia, nikawafukuza watu wote chumbani, nikafunga dirisha. Kila nilivyotafuta utulivu ndivyo mlio ulivyopanda. Nikasikiliza mpaka magoti yakafa ganzi. Mwishowe nikatoka nje nikamwambia mama yake kwamba sisikii moyo wa mtoto, wajitayarishe.

Unajua walivyolia. Kilio kilisikika mpaka shuleni. Anzelani mwenyewe hakulia, aligeukia ukuta. Alisukuma mtoto wake akiwa ameshamwaga matumaini yote, na kabla ya saa sita mchana mtoto akatoka mwekundu, mnene, akipiga kelele kwa nguvu za simba.

Mama yake Anzelani alimchukua mjukuu, akamfunika, akaniangalia. Alikuwa mtu mpole, nilimjua tangu zamani.

"Mama Feza," akasema, "ulisha kumuzika mutoto muzima."

Kesho yake nilimwambia mkubwa wa kituo anitoe maternite, wodi ya kujifungulia. Akanipeleka kupima uzito wa watoto, kazi ambayo hata sikio lisilo na mlio lingeomba msamaha: watoto thelathini wananing'inia kwenye mzani mmoja baada ya mwingine, wote wanalia.

Nyumbani nikawa mtu wa kuogopwa. Feza alikuwa na miaka tisa, ni mtoto wa sauti. Anaimba akifagia, anaimba akioga, anajibu akiwa nje wakati wewe uko ndani. Nilianza kumwambia anyamaze. Halafu nikaanza kumfokea. Siku moja alikuwa anaimba wimbo wa shule, wimbo wa kujifunza miezi ya mwaka, na mimi nikamshika mabega nikamtikisa mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alikuwa amefika mwezi wa sita. Hakumalizia.

Salumu aliona. Hakunigombeza, ningependelea anigombeze. Alisubiri mpaka chakula kikaisha, akasema, "Feza aende Kasongo kwa shangazi... kwa mama mudogo yake. Asome kule." Alichanganya hata namna Feza anavyomwita dada yangu kwa sababu ya kuogopa nitakavyojibu. "Weye upumuzike kidogo."

Nilikubali haraka. Hilo ndilo naona haya kuliandika kuliko yote. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa sababu nilichowaza ni nyumba iliyonyamaza. Na nyumba iliponyamaza, mlio ukapata nafasi kubwa zaidi.

Ni dada yangu huyohuyo wa Kasongo, Zaina, aliyepiga simu siku moja, wakati mpunga umeanza kuchanua. Kuna daktari mwanamke amekuja hospitalini kutoka Bukavu, akasema, ana kisanduku kidogo cha kutia kuranti kichwani, anajaribu kwa watu wenye masikio ya kulia. Hapasui, hachomi sindano. Atakaa miezi michache tu.

Mama mkwe alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Kuranti? Mu kichwa? Hata taa ya barabara hatuna, wamepata wapi kuranti ya kutia watu?"

Salumu, mpimaji wa mambo, aliuliza, "Inaumiza? Iko nguvu gani?" Halafu akajikatiza mwenyewe. "Enda. Hapa tumemaliza kupima."

Nilienda kwa pikipiki, kutoka asubuhi mpaka jua linashuka, matope mpaka magotini, madaraja ya magogo tukishuka na kuvuka kwa miguu. Mtu mwenye mlio akikaa nyuma ya pikipiki siku nzima, akishuka anasikia pikipiki mbili.

Sasa nikueleze kungoja, maana kuna siku hakukuwa na matibabu mengine.

Nilifika hospitali Jumatatu asubuhi na barua yangu ya kutumwa. Kisanduku hakikuwepo, kilikuwa Kindu kinangoja ndege. Jumatano ndege ikafika, kisanduku kikafika, sponji zake zikabaki. Alhamisi sponji zikapatikana, dokta akawa na homa. Ijumaa dokta akaja, mtu wa ufunguo wa chumba akawa kwenye matanga. Wiki nzima nilikaa barazani kwenye benchi la mbao lenye msumari uliotokeza, na kila mgonjwa mpya aliyefika tulimwambia, "Usikae hapo," naye akakaa hapo.

Benchini nilikaa na Baba Shabani, mzee wa Nyangwe aliyeendesha mashine ya kukoboa mpunga maisha yake yote. Masikio yake yalilia kwa sababu inayoeleweka, na hilo lilimpa kiburi fulani. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa sana, akidhani sote ni viziwi.

"Yako ilitoka wapi, mama?"

"Kinini."

"Kinini!" Alinicheka. "Kinini iko kitu kidogo. Miye niko na mashine nzima humu."

Dokta anaitwa Riziki. Ni mtu mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza sauti iko namna gani, inaanza wapi, wakati gani inanichosha zaidi. Nilieleza kwa ukali, kama mtu aliyezoea kubishiwa. Aliandika yote. Hakuleta sikio lake kusikiliza. Aliposema, "Pole, mama, ni mzigo," nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko wangu ili asione macho yangu.

Halafu akaharibu.

"Sitakudanganya," akasema. "Kuna watu hii kazi inawasaidia, kuna watu haiwafanyii kitu. Haiui sauti. Kama ikikubali, inaipunguzia nguvu. Na inaweza kurudi."

"Dokta, nimetoka Wamaza."

"Najua."

"Kwa pikipiki. Wakati wa mvua."

"Najua, mama. Ndiyo maana ninakuambia ukweli sasa, si kesho."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Kabla sijachagua, aliangalia nywele zangu. Zilikuwa zimesukwa vizuri, Zaina alinisuka Jumapili nzima ili nionekane mtu mbele ya daktari. Sponji lazima zishike ngozi, akasema. Nywele zilizosukwa haziruhusu. Nilifumua, tukajaribu, nywele zangu ni nzito, kisanduku kikapiga kelele ya kukataa. Kwa hiyo Zaina akaninyoa. Kichwa changu kina bonde dogo nyuma ambalo sikuwahi kujua kwamba ninalo.

Kuranti yenyewe, kwa wale wanaoogopa: unakaa kwenye kiti cha plastiki. Wanalowesha sponji mbili kwa maji ya chumvi, wanazibana kichwani kwa mkanda wa mpira, moja juu ya sikio, nyingine upande wa paji la uso. Maji yanakutiririka shingoni na machoni. Wanabonyeza kisanduku, kidogo kuliko Biblia, kinatumia betri. Unahisi kuwashwa, kama siafu wachache wamepotea njia chini ya sponji, halafu wanatulia. Basi. Dakika ishirini, mara tano kwa wiki, wiki mbili. Hakuna anayerukaruka, hakuna anayetoa povu. Ngozi yangu ilibaki na alama nyekundu za mviringo na kichwa kiliniuma kidogo jioni. Nimeumia zaidi kwa kusukwa.

Kilichouma ni mengine. Saa tatu za kungoja kwa ajili ya hizo dakika ishirini. Betri inachajiwa kwa mwanga wa jua, na ulikuwa wakati wa mawingu. Siku moja hakukuwa na chumvi. Hospitali nzima, hakuna chumvi! Nilitembea mwenyewe mpaka kwa mama wa maandazi nje ya lango, nikaomba chumvi kwenye kipande cha gazeti, nikarudi nikamkabidhi muuguzi kama mtu anayeleta sadaka.

Kila siku, kabla na baada, dokta aliuliza mlio uko ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi, akaandika kwenye karatasi. Nane. Nane. Nane. Saba, lakini siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo haihesabiki. Nane.

Siku ya nne Baba Shabani alitoka chumbani na mikono juu.

"Imenyamaza! Mama Feza, imenyamaza! Nasikia ndege!" Akakaa karibu nami, juu ya msumari, hata hakuuhisi. "Na yako?"

"Iko palepale."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akauliza, "Unasali lakini?"

Mungu anisamehe kwa niliyoyawaza.

Jioni nilirudi kwa Zaina, na huko kulikuwa na Feza. Nilidhani atanirukia. Siku ya kwanza alikuja akanisalimia kwa kunong'ona. Nikadhani koo linamuuma. Siku ya pili aliniletea sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka chini taratibu mno, kama mtu anayeweka yai, akainua macho kuniangalia.

"Mama," akanong'ona, "sahani imekuumiza?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia aongee kama mtu. Akatikisa kichwa kukubali, na bado akanong'ona. Zaina aliniambia baadaye kwamba siku zote Feza alikuwa anaimba nyumbani kwake kutwa nzima; ni mimi nilipofika tu ndipo alipoanza kutembea kwa vidole vya miguu. Nimefanya kazi na wanawake wanaojifungua miaka mingi, nimeona damu na vifo. Sijaona kitu kilichonikata kama ule mnong'ono.

Siku ya kumi, ya mwisho, dokta akauliza mlio uko ngapi.

"Andika nane," nikasema. "Andika nane mpaka karatasi iishe. Andika na nyuma."

Akaweka kalamu chini. "Uko na haki ya kukasirika."

"Sitaki haki. Nataka kunyamaziwa."

Hakunijibu kwa maneno matamu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema tu kwamba kwa wengine mabadiliko yanachelewa, na kwamba ikiwezekana nirudi wakati wa kiangazi kwa mara ya pili, kabla hajaondoka.

Nilirudi Wamaza bila nywele. Kwetu mwanamke akinyoa kichwa hivyo, watu wanajua kuna msiba. Njia nzima kutoka kwenye barabara mpaka nyumbani nilipewa pole. Mwanamke mmoja alianza kulia kabla hajauliza nani amekufa. Mwingine alimpa pole Salumu ambaye alikuwa amebeba mfuko wangu, halafu akaniuliza pembeni, "Ni bwana yako?"

"Bwana yangu si huyu hapa?"

"Basi ni nani?"

"Ni nywele," nikasema.

Salumu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, akalazimika kuweka mfuko chini. Nikacheka na mimi, nikiwa na hasira zangu zote.

Sasa nikueleze jambo dogo lililotokea, na ulichukue kama lilivyo. Wiki tatu hivi baada ya kurudi, nilikuwa nabangua karanga na wanawake wa jirani, tunamsema mtu. Tulimsema vizuri, kwa muda mrefu. Nilipoinuka kutikisa kikwembe changu, nikagundua kwamba tangu nilipokaa sikuwa nimeusikiliza mlio. Nikautafuta. Ulikuwepo. Lakini ulikuwa umesogea nyuma kidogo, kama mgeni aliyeelewa hatimaye kwamba kiti hicho si chake. Sikumwambia mtu yeyote. Niliogopa nikilitamka litaondoka.

Kiangazi nikaenda tena Kasongo, safari hii vumbi badala ya matope. Nilinyolewa tena, kiti kilekile cha plastiki, na msumari ulikuwa bado unatokeza. Karatasi ikaanza na saba. Ikaja sita. Ikaja tano, halafu tano, tano, tano, na pale ikagoma. Nilimwambia dokta aongeze kuranti. Akakataa. Nikamwambia aongeze siku. Akasema hana siku: muda wake umeisha, kisanduku kinaenda mji mwingine.

"Na sisi?" nikamuuliza.

"Wewe uko kwenye tano, mama."

"Nawaulizia waliobaki kwenye benchi."

Aliangalia mlangoni. Kulikuwa na watu sita. Akasema ameandika barua, ameomba kisanduku kingine, hajajibiwa. Alisema bila kujitetea. Nilimwona amechoka kuliko sisi. Nikamsaidia kukamua sponji na kuzianika dirishani, maana nilikuwa nimekasirika na sikujua mikono yangu niifanyie nini.

Wamaza, nilimwendea mkubwa wa kituo. Nikamwambia anipime siku ya kliniki, mbele ya Furaha, na asinihurumie. Furaha alisikiliza kila mama kwanza, akaandika mapigo kwenye karatasi yake bila kunionyesha. Mimi nikafuata. Mlio ulikuwepo, lakini sasa nilikuwa naweza kuupita, kama unavyopita mtu aliyesimama mlangoni. Mama wa kwanza niliupata moyo baada ya muda mrefu sana, jasho linanitoka. Hesabu yangu na ya Furaha ziliachana kwa mapigo mawili. Tuliendelea mpaka mama wa mwisho, na kwa huyo sikusikia kitu. Nikainuka nikasema mbele ya wote, "Huyu sijamusikia miye. Furaha, rudia." Furaha akarudia, mtoto yuko, amejigeuza mgongo.

Mkubwa wa kituo akanirudisha maternite siku hiyohiyo. Alisema si kwa sababu ya wale niliowasikia, bali kwa sababu ya yule mmoja.

Baba Shabani alinipigia simu mvua zilipokaribia. Alikuwa analia, mzee mzima. Mashine imerudi, alisema, tangu wiki iliyopita, yote. Swali lake la benchini nililikumbuka vizuri sana, na nilikuwa na haki ya kumrudishia. Sikumrudishia. Nilimwambia asikae mahali patulivu mno, aache redio iongee chini chini, apumzishe taya, asinywe kila kitu anacholetewa, na asiruhusu mtu amwoshe masikio mara tatu. Alisikiliza. Halafu akasema kwa sauti yake kubwa, "Mama Feza, hii kitu ni ya kukasirisha!" Nikamwambia ndiyo, baba. Ni ya kukasirisha. Hiyo ilimtuliza kuliko yote niliyosema kabla.

Na wewe unayesoma nakuambia hivyohivyo. Ukisikia kuna kisanduku kama kile karibu nawe, kinachoshikwa na daktari, nenda, na umuulize mapema atakaa mpaka lini. Usiende ukitegemea kimya. Mimi kimya sijakipata. Nilipata nafasi. Siku za uchovu, au nikishikwa na homa, mlio unarudi mpaka saba na mimi nakuwa mtu mbaya tena, watu wa nyumbani sasa wanajua kuniuliza, "Leo uko ngapi?" na kunipisha.

Feza alirudi nyumbani shule zilipofunguliwa. Alirudi na mnong'ono wake. Niliimba mimi, mwenye sauti ya chura, ili aone kwamba inaruhusiwa. Alitabasamu kwa adabu. Salumu alisema tumpe muda. Tulipanda mpunga, mpunga ukaota, bado anatembea kwa vidole.

Juzi mchana nilikuwa jikoni natwanga sombe, mlango uko wazi. Nje kulikuwa na Feza na wasichana watatu wa jirani, wanaruka kamba. Walianza taratibu, halafu wakaanza kubishana ni nani amekanyaga kamba, halafu wote wanne wakawa wanapiga makelele kwa wakati mmoja, na mbwa akajiunga. Nikatoka na mchi mkononi.

"Feza! Ni kelele gani hii!"

"Mama, ni huyu!" akapiga kelele, kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka mji wa Salamabila. "Anaiba! Amekanyaga na anakataa!"

Nikasimama mlangoni na mchi wangu. Nilikuwa nimekasirika, kwa kweli nilikuwa nimekasirika, lakini nilikuwa nimekasirishwa na watoto wanne na mbwa, kama mama yeyote wa Wamaza.

"Amekanyaga," nikasema. "Nimemuona. Zamu yako, Feza."

Akaruka.